Rula Hurejelewa Kuliko Ugunduzi: Kuhesabu Marejeleo katika Utafiti wa MS

Panga makala zote za kisayansi kuhusu maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa unaoharibu ubongo na uti wa mgongo, kuanzia iliyorejelewa mara nyingi zaidi. Wengi hutarajia kukuta juu kabisa makala iliyofichua chanzo cha ugonjwa, au ile iliyoleta dawa ya kwanza. Lakini pale karibu na kileleni kuna makala ya kurasa tisa iliyotoka katika jarida la Neurology mwaka 1983, aliyoiandika John Kurtzke, daktari wa Marekani. Haitangazi dawa wala chanzo. Inatangaza kipimo.

Kipimo hicho cha ulemavu wa mgonjwa ndicho EDSS. Kinaanzia 0 hadi 10, na kuanzia 1 hupanda kwa nusu nusu. Mwenye 0 amechunguzwa mishipa ya fahamu na hakuonekana na kasoro. Mwenye 4.0 bado anatembea mita 500 hivi bila msaada na bila kupumzika. Akifika 6.0 anahitaji fimbo au mkongojo ili amalize mita 100. Kwenye 7.0 hawezi kupita mita 5 hata akishikwa, na siku yake huipitisha kwenye kiti cha magurudumu. Namba 10 ni kifo kilichosababishwa na MS yenyewe. Tangu siku hiyo, anayetaka kudai kwamba dawa yake imepunguza kasi ya ulemavu inambidi aseme ulemavu huo kaupimaje, na karibu kila mara jibu ni EDSS. Hapo Kurtzke anarejelewa tena.

Mwaka huohuo wa 1983, Charles Poser na wenzake walichapisha vigezo vya kutambua ugonjwa katika Annals of Neurology. Mwaka 2001 vikaja vigezo vya McDonald katika jarida hilohilo. Mwaka 1996 Fred Lublin na Stephen Reingold walikuwa wameshayapa majina aina za mwendo wa ugonjwa: wa mashambulio na nafuu, unaozidi baada ya mashambulio, unaozidi tangu mwanzo. Hizi zote ni rula. Hutajwa katika sehemu ya mbinu, kwa sentensi moja ambayo kila msomaji wa MS anaijua: wagonjwa walitambuliwa kwa vigezo vya McDonald na ulemavu ukapimwa kwa EDSS. Sentensi moja, marejeleo mawili, na mwandishi wala hajabishana na mtu.

Kwa hiyo anayeandaa tasnifu ya kupima mwelekeo wa machapisho ya MS asikimbilie kuandika kwamba hizo ndizo makala zilizobadili fikra. Zimebadili kazi, na hilo ni jambo kubwa, lakini ni jambo lingine. Njia ninayoishikilia ni kuzigawa makala mafungu kabla ya kuzilinganisha. Fungu la rula, kama hizo. Fungu la mapitio, mfano yale ya Noseworthy na wenzake ya mwaka 2000 katika New England Journal of Medicine, au ya Compston na Coles ya 2008 katika Lancet, ambayo hurejelewa kwenye aya ya kwanza ya utangulizi ili mwandishi asieleze ugonjwa upya. Fungu la majaribio ya dawa: interferoni beta-1b mwaka 1993, natalizumabu 2006, fingolimodi 2010, okrelizumabu 2017. Na fungu la ugunduzi wa kibaiolojia, ambamo utakuta makala ya Trapp na wenzake ya 1998 iliyoonyesha nyuzi za neva zilizokatika ndani ya vidonda vya MS, na ile ya Bjornevik na wenzake ya 2022 katika Science, iliyofuatilia askari wa Marekani zaidi ya milioni 10, ikachunguza damu za 801 waliougua MS, na kuonyesha kwamba hatari iliongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Linganisha rula kwa rula, jaribio kwa jaribio. Ukiichukua makala ya Bjornevik ukaiweka kando ya EDSS halafu ukasema ina athari ndogo, umelinganisha mbegu na jembe.

Mtego wa miaka katika familia ya McDonald

Hapa wengi huangukia, hivyo nitatua kidogo.

Ian McDonald, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi London, ndiye mwandishi wa kwanza wa toleo la 2001 peke yake. Toleo la pili la 2005 na la tatu, linaloitwa vigezo vya 2010, mwandishi wa kwanza ni Polman. Toleo linaloitwa la 2017 ni la Thompson, na lilihama kutoka Annals of Neurology kwenda Lancet Neurology. Toleo la 2024 mwandishi wake wa kwanza ni Montalban. Ukitafuta kwa jina la mwandishi McDonald utapata tawi moja tu la mti.

Kisha kuna miaka. Vigezo vya 2010 vilichapishwa 2011. Vya 2017 viliwekwa mtandaoni Desemba 2017, lakini toleo la karatasi ni la Februari 2018. Vya 2024 vilitoka 2025. Jina la kigezo na mwaka wa makala havilingani, basi anayechuja kwa mwaka hujikuta ameiacha nje makala aliyoitafuta, au ameihesabu mara mbili kwa sababu kanzidata moja inasema 2017 na nyingine 2018. Tengeneza jedwali dogo lako mwenyewe lenye safu tatu: jina linalotumika midomoni, mwandishi wa kwanza, na namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya kila makala. Hiyo DOI ndiyo ishikilie.

Matoleo haya pia yameubadilisha ugonjwa unaohesabiwa. Wakati wa Poser ilihitajika dalili zijirudie, zikisaidiwa na vipimo vya maji ya uti wa mgongo na vya mwitikio wa neva. Mwaka 2001 picha za MRI zikaruhusiwa kuthibitisha kwamba vidonda vimeenea mahali tofauti na kwa nyakati tofauti. Mwaka 2010 picha moja tu ikaweza kutosha, ikiwa na vidonda vipya vinavyong'aa kwa dawa ya utofautishaji pamoja na vya zamani visivyong'aa. Mwaka 2017 mistari ya protini katika maji ya uti wa mgongo ikaruhusiwa kuchukua nafasi ya ushahidi wa wakati. Mtu ambaye zamani angeambiwa arudi baada ya shambulio la pili, sasa anapewa jina la ugonjwa mapema akiwa na ulemavu mdogo. Matokeo yake, wagonjwa wa makala za karibuni huonekana wana hali nzuri kuliko wa makala za zamani hata pasipo dawa yoyote. Usichore mstari unaopita juu ya miaka 40 bila kutia alama pale vigezo vilipobadilika.

Kisanduku cha kutafutia

Ukiandika MS pekee kwenye PubMed, kanzidata ya makala za tiba, utaletewa kemia, kwa kuwa herufi hizo ni kifupi cha kipimo cha kemia kinachotenganisha molekuli kwa uzito. Ukiandika sclerosis pekee utapata magonjwa mengine matatu au manne yenye neno hilo. Tumia maneno multiple sclerosis yakiwa ndani ya alama za kunukuu, yatafutwe kwenye kichwa na ikisiri, kisha uunganishe kwa neno OR na istilahi ya MeSH ya ugonjwa huo, yaani jina rasmi ambalo PubMed huzipachika makala. Zote mbili zinahitajika. MeSH hukamata makala za zamani zisizo na ikisiri na zile za lugha nyingine. Kichwa na ikisiri hukamata makala mpya ambazo bado hazijapachikwa istilahi. Kumbuka pia kwamba tangu Aprili 2022 upachikaji huo hufanywa na mashine, kwa hiyo badiliko la ghafla kwenye istilahi baada ya hapo huenda likatokana na mashine, siyo na watafiti.

Anayerudi nyuma kabla ya katikati ya karne ya 20 aongeze disseminated sclerosis, jina la zamani la Waingereza, na sclérose en plaques, ambalo Charcot alilitumia Paris mwaka 1868. Bila hayo utadhani utafiti ulikuwa umelala.

PubMed haikupi zaidi ya rekodi 10,000 kwa utafutaji mmoja, na MS inavuka hapo kwa mbali. Vunja kwa mwaka mmoja mmoja. Web of Science, kanzidata ya machapisho na marejeleo yao, ukitaka rekodi kamili pamoja na marejeleo yake, hutoa 500 kwa mkupuo. Yape mafaili majina yenye namba za mwanzo na mwisho, ms_0001_0500 na kuendelea, halafu ukimaliza jumlisha mistari ulinganishe na idadi iliyoonyeshwa kwenye skrini. Faili moja ikirukwa, rekodi 500 zimepotea, na mara nyingi zote huwa za mwaka mmoja. Grafu itaonyesha bonde, na wewe utaanza kulitafutia sababu za kihistoria.

Sasa uchujaji. Makala nyingi za panya huanza ikisiri kwa kutaja MS, kwa sababu ugonjwa unaozalishwa maabara kwa panya, EAE, ndio mfano wake mkuu. Sishauri zifutwe. Ongeza safu moja kwenye jedwali, andika binadamu, mnyama au seli, kisha hesabu kila fungu kivyake. Vivyo hivyo nyuromielaitisi optika, ugonjwa unaoshambulia neva za macho na uti wa mgongo: ilihesabiwa na wengi kuwa aina ya MS mpaka kingamwili yake ilipotangazwa mwaka 2004, na shabaha ya kingamwili hiyo, akwaporini-4, ilipotambuliwa mwaka uliofuata. Kwenye ramani ya maneno, yaani mchoro wa maneno yanayotajwa pamoja, itaonekana kama ugonjwa uliozaliwa ghafla. Wagonjwa walikuwepo siku zote, wamo ndani ya makala za MS za zamani.

Mstari mmoja wa Kurtzke

Ndani ya faili la Web of Science, rejeleo la EDSS husomeka hivi: Kurtzke JF, 1983, NEUROLOGY, V33, P1444. Panga marejeleo yote kwa alfabeti uteremke hadi herufi K. Chini ya mstari huo mkubwa utaona vijimstari vyenye tarakimu moja iliyokosewa kwenye ukurasa, herufi ya pili ya jina iliyoachwa, jina lililoandikwa Kurtzky. Na utaona mstari mwingine ambao ni halali kabisa: Kurtzke JF, 1955, NEUROLOGY, V5, kwa maana mwaka 1955 alikwisha kuchapisha kipimo cha mwanzo kisicho na nusu. Huo usiunganishe. Vile vyenye makosa viunganishe.

Katika VOSviewer, programu ya kuchora ramani za machapisho, kazi hiyo hufanywa kwa faili la maandishi la safu mbili zilizotengwa kwa tabo, ya kwanza ikiitwa label na ya pili replace by. Kila mstari mbovu unauandika kushoto, sahihi kulia. Fanya hivyo pia kwa maneno muhimu: ms, multiple-sclerosis na multiple sclerosis viwe kitu kimoja, na majarida pia, kwa kuwa Multiple Sclerosis Journal lililoanza mwaka 1995 lilikuwa linaitwa Multiple Sclerosis tu. Kisha neno multiple sclerosis lenyewe liondoe kwenye ramani, maana limeshikana na kila neno na litakaa katikati kama jiwe, likivuta mengine yote yasionekane makundi. Kwa marejeleo yanayotajwa pamoja anza na kizingiti cha 20, yaani rejeleo liwe limetajwa angalau mara 20. Ramani ikiwa msongamano, panda hadi 50. Andika kizingiti ulichotumia. Ramani mbili zenye vizingiti tofauti hazilinganishwi.

Kurejelewa ili kukanushwa

Mwaka 2009 Paolo Zamboni na wenzake wa Italia walichapisha makala wakidai kwamba wagonjwa 65 wa MS walikuwa na mishipa ya vena iliyobana shingoni na kifuani, tofauti na watu wa kundi linganishi. Hali hiyo wakaiita CCSVI. Tiba iliyopendekezwa ilikuwa kuipanua mishipa kwa puto. Habari ilienea upesi. Wagonjwa, hasa wa Canada, walisafiri nchi za mbali na kulipa wenyewe. Hawa ni watu waliokuwa wakiona miguu yao inaisha nguvu, na tumaini hilo liliwagharimu.

Baadaye, timu ya Traboulsee nchini Canada ilionyesha kwenye Lancet kwamba kubana huko kunapatikana karibu sawa kwa wagonjwa, ndugu zao, na watu wasio na uhusiano nao. Halafu Zamboni mwenyewe aliongoza jaribio ambalo mgonjwa na mpimaji wote hawakujua nani kapanuliwa mshipa na nani hakupanuliwa. Lilichapishwa katika JAMA Neurology, likahitimisha kwamba tiba haifai. Kuchapisha matokeo yanayoangusha wazo lako mwenyewe ni uungwana wa kisayansi, na anastahili kutambuliwa kwa hilo.

Tazama sasa grafu ya marejeleo ya ile makala ya 2009. Yanapanda kwa kasi ambayo makala chache za MS zimewahi kuipata, na sehemu kubwa ya kupanda huko ni watu wanaopima, wanaotilia shaka, wanaokanusha. Kanzidata haijui tofauti. Rejeleo la kuunga mkono ni moja, la kupinga ni moja, na jumla yake hukaa kwenye orodha ya makala mashuhuri.

Dawa ya hili ni kusoma. Chukua makala 100 kwa bahati nasibu kati ya zile zinazorejelea. Fungua kila moja, itafute sentensi yenyewe, iweke kwenye fungu moja kati ya manne: mbinu, usuli, kuunga mkono, kupinga. Watu wawili wafanye kila mmoja kivyake, kisha wapime makubaliano yao kwa kapa, kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati tu; ikishuka chini ya 0.6, maelezo ya mafungu hayako wazi, yaandikwe upya kabla ya kuendelea. Ni kazi ya siku tatu nne kwa makala moja. Ifanyie angalau zile tano za juu.

Daklizumabu ni mfano wa upande mwingine. Iliidhinishwa 2016, ikaondolewa sokoni Machi 2018 baada ya wagonjwa kupata ensefalitisi kali, yaani ubongo kuvimba. Majaribio yake yanaendelea kurejelewa, kwa halali, na mtu anayeangalia namba pekee anaweza kudhani dawa ingali hai.

Hesabu zenyewe

Kuongezeka kwa makala za MS hakutoshi kuonyesha kwamba hamu imeongezeka, kwani tiba yote inachapisha zaidi mwaka hadi mwaka. Gawanya makala za MS za mwaka kwa makala zote za PubMed za mwaka huo, uchore sehemu hiyo kwa kila 10,000. Mwaka ambao haujaisha usiuchore kabisa.

Marejeleo nayo yanahitaji dirisha. Makala ya 1983 imekuwa ikikusanya marejeleo kwa zaidi ya miaka 40. Hesabu yale ya mwaka wa kuchapishwa na miaka mitano inayofuata, kwa kila makala. Tumia mediani, kwa sababu wastani unavutwa juu na rula chache.

Kwa nchi, chagua mapema: kila nchi ipewe alama nzima, au alama igawanywe. Jaribio la dawa lenye waandishi wa nchi 20 huipa kila nchi 1 kwa njia ya kwanza na 0.05 kwa njia ya pili. Nchi ndogo yenye hospitali moja iliyoandikisha wagonjwa katika jaribio kubwa huonekana jitu kwa njia ya kwanza. Marekani, Uingereza, Italia na Ujerumani hubaki juu kwa njia zote mbili. Wanaohama nafasi ni wa katikati, na hao ndio wanaovutia kuwaangalia.

Mahali ambapo Afrika inapotea

Takwimu za Atlas of MS za mwaka 2020 zilikadiria watu milioni 2.8 wenye MS duniani. Kwamba ugonjwa ni haba karibu na ikweta ni jambo lililoandikwa tangu zamani. Lakini uhaba wa mashine za MRI na wa madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu nao hupunguza idadi, na vyanzo hivyo viwili vimefungamana. Ramani ya machapisho ikiiacha Afrika Mashariki tupu, inapima uchapishaji na uwekaji wa kumbukumbu, basi. Haitoi ruhusa ya kuandika kwamba MS haipo kwetu.

Sehemu ya utupu huo ni ya kanzidata. Majarida mengi ya Kiafrika hayamo Web of Science. Tafuta pia African Journals Online na OpenAlex, ambayo ni ya bure na ilianza Januari 2022 baada ya Microsoft kufunga kanzidata yake ya machapisho. OpenAlex ina kasoro zake: makala ya awali na toleo la jaridani wakati mwingine hukaa kama vitu viwili, na baadhi ya makala hazina orodha ya marejeleo. Ondoa marudio kwa DOI kwanza, kisha kwa kichwa kilichoandikwa kwa herufi ndogo bila alama. Taasisi zisizo na uwezo wa kulipia majarida ziulize maktaba kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002.

Jambo hili lina uzito. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Rituksimabu haijasajiliwa kwa MS katika nchi nyingi, ila ni nafuu na ushahidi wake ulijengwa na watafiti wasio na dawa ya kuuza, kwa sehemu kubwa Sweden. Ukipima kwa marejeleo pekee, majaribio hayo yanazidiwa na ya dawa mpya ghali zenye kampuni nyuma yake. Ongeza kwenye jedwali safu ya mfadhili, na nyingine inayosema kama dawa imo katika orodha hiyo, halafu panga upya.

Mwisho wa sehemu ya mbinu andika tarehe ya utafutaji kwa siku na mwezi, maneno yote kama yalivyochapwa, idadi ya rekodi kabla na baada ya kuondoa marudio, na toleo la programu. Marejeleo huongezeka kila wiki. Bila tarehe, msomaji atakayerudia hesabu yako mwezi ujao atapata namba nyingine asijue nani kakosea.